Mtoto wa Kike, Skuli ya Mchanganyiko na Lugha Mbili: Jawabu kwa Muulizaji wa Kambu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyemtukuza mwanaadamu kwa akili na kalamu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaosoma waraka huu wajua kuwa sisi wa darasa hii tuko Kambu, mji mdogo wa njia kuu iendayo Nairobi, baina ya Mtito Andei na Kibwezi, katika nchi ya Wakamba. Waislamu wa hapa si wengi. Wako waliotoka pwani kwa biashara, wako Wasomali, na wako Wakamba waliosilimu wao au wazee wao. Msikiti upo na chuo kipo, lakini skuli ya Kiislamu hapana. Jambo hili la mwisho ndilo lililoleta swali tutakalolijibu leo.

Usiku mmoja baada ya darasa alinijia bwana mmoja, mfanyaji biashara, mzaliwa wa pwani. Akaniambia: "Sheikh, binti yangu atimiza miaka sita. Skuli iliyo karibu nami ni ya serikali, wanaume kwa wanawake husoma chumba kimoja. Madarasa ya mwanzo hufunzwa kwa Kikamba, kisha baadaye kila kitu huwa ni Kiingereza. Mama yangu aliyeko Mombasa asema nimpeleke kwake. Mke wangu asema hatengani na mwanawe. Ndugu yangu asema chuo chamtosha, mtoto wa kike ataka nini zaidi? Nami nachelea dini yake. Nifanyeje?"

Nikamwambia, nipe juma moja. Alistaajabu, kwani mashekhe tumezoewa kutoa jawabu papo hapo. Lakini mimi niliomba muhula kwa sababu swali hili si mara ya kwanza kuulizwa, na jawabu niliyoitoa mara ya kwanza imenielemea mpaka leo.

Ilikuwa miaka ishirini na kitu iliyopita. Nilikuwa kijana niliyetoka chuoni karibu, kilemba kipya, na vitabu vyote kichwani. Mzee mmoja alinijia na swali kama hili. Binti yake alikuwa darasa la nne, hodari wa masomo, na mzee ameona anakaa dawati moja na mtoto wa kiume. Sikumuuliza kama iko skuli nyingine. Sikumuuliza kama nyumbani yuko wa kumsomesha. Nilimwambia neno moja tu: "Mtoe." Akamtoa, na watu wakanisifu kwa msimamo.

Mwaka juzi mama mmoja alinijia na watoto watatu, mumewe amekufa. Ndiye binti yule. Mumewe aliacha nyumba na kiwanja kando ya barabara. Katika sheria yetu mjane mwenye watoto ana thumuni yake, na watoto wana yao, fungu ambalo Mwenyezi Mungu mwenyewe amelikata katika Sura ya Wanawake, wala hakumwachia mtu alipunguze. Lakini jamaa mmoja wa marehemu alikuwa amemletea karatasi ya Kiingereza, akamwambia ni ya kuwaandikisha watoto. Naye akatia kidole gumba. Karatasi ile ilisema kuwa ameridhia kiwanja kiandikwe kwa jina la jamaa huyo. Aliponionyesha ilikuwa kiwanja kimekwisha uzwa. Aliniambia kwa upole, bila ya kunilaumu: "Sheikh, lau ningaliendelea miaka mitatu zaidi, ningaliisoma." Sikuwa na la kumjibu, na sina mpaka sasa.

Nimeitaja aibu yangu hii ili msomaji ajue kuwa jambo hili si la majadiliano ya barazani. Mtu aliyenyimwa kusoma anaweza kunyimwa na haki aliyopewa na Mola wake, na aliyemnyima kusoma ana fungu katika dhulma hiyo, hata kama nia yake ilikuwa kuilinda dini.

Basi natuliangalie swali kwa vipande vyake viwili: lugha, kisha mchanganyiko.

Kwanza, lugha. Tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka 1976, mpango wa skuli za Kenya ni kuwa mtoto wa madarasa matatu ya mwanzo afunzwe kwa lugha inayosemwa zaidi mahali pake, kisha kuanzia darasa la nne afunzwe kwa Kiingereza. Kiswahili nacho kilifanywa somo la lazima la mtihani ulipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa, na kukiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi mbili za nchi. Mtoto wa Kambu, basi, hukulia baina ya lugha nyingi: Kiswahili cha nyumbani, Kikamba cha sokoni na cha wenzake, Kiingereza cha vitabu, na Kiarabu cha Qurani na sala.

Wako wanaosema kuwa lugha nyingi humvuruga mtoto. Hawa hawakutazama historia ya dini yao. Sibawayhi, ambaye kitabu chake ndicho msingi wa nahau ya Kiarabu, alikuwa Mwajemi. Imamu Bukhari alizaliwa Bukhara, mbali na Bara Arabu. Zaid bin Thabit, mwandishi wa Mtume (s.a.w.), aliamrishwa na Mtume mwenyewe ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zao zisomwe na zijibiwe na mtu wa kuaminika, naye akayajua kwa muda wa nusu mwezi. Tazameni sababu ya amri ile: ni ili Waislamu wasidanganywe katika karatasi. Mjane wetu wa Kambu aliihitaji sunna hii, nasi tukamnyima.

Wengine hawakichukii Kiingereza hata kidogo, wakipenda sana. Wanachokichukia ni Kikamba. Husema, "Mwanangu mtu wa pwani, afunzwe kishamba?" Neno hili ni baya, nalo ni katika kiburi cha kijahiliya. Qurani imetufunza kuwa kutafautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni katika dalili za Mungu, sawa na kuumbwa mbingu na ardhi. Na imetufunza kuwa kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Atakayeidharau lugha ya watu, basi amedharau chombo alichokichagua Mwenyezi Mungu cha kuwafikishia watu uwongofu.

Nami nitawakumbusha jambo litakaloumiza. Wakamba na watu wa pwani walikuwa wakibiashiriana kwa misafara kabla ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Pembe zilishuka, nguo na shanga zikapanda. Mwaka 1849 Krapf, mmisionari wa Kidachi aliyekuwa akikaa Rabai, alifika Ukambani, na mwaka wa pili yake, 1850, alipiga chapa kitabu cha maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki, na Kikamba kimo ndani yake. Mtu yule alikuwa mgeni wa miaka michache tu. Sisi tuliokuwa majirani na wabia wao kwa vizazi, ni vitabu vingapi vya dini tulivyowaandikia kwa lugha yao? Kisha twastaajabu kuwa Ukambani makanisa ni mengi na misikiti ni ya kuhesabika. Mtoto wa Kiislamu anayejua Kikamba barabara ni hazina kwa umma. Huenda yeye ndiye atakayemfahamisha jirani yake maana ya tauhidi kwa maneno yatakayoingia moyoni.

Na wala tusisahau yaliyotupata sisi wenyewe. Wako wazee waliochukizwa Qurani ilipofasiriwa kwa Kiswahili, wakaona ni kuivunjia heshima. Leo, tangu Sheikh Abdalla Saleh Farsy kutoa tafsiri yake kamili mwaka 1969, ni nyumba ngapi za pwani zisizokuwa nayo? Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye, alipotoa gazeti lake la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, alitia ndani kurasa za Kiswahili na za Kiarabu pamoja. Lugha mbili katika gazeti moja, wala haikuondoka dini. Ilizidi kufahamika.

Lakini katika hili yako masharti. Lugha ya pili hufaa ikijengwa juu ya ya kwanza, haifai ikiivunja. Mtoto anayetoka skuli akaona haya kumwamkia bibi yake kwa Kiswahili hakufunzwa lugha mbili, bali ameporwa moja. Na mtoto anayehifadhi juzuu nzima asijue maana ya sura moja ya zile anazosalia, naye pia hakufunzwa vizuri, na hapa lawama ni yetu sisi walimu wa vyuo. Skuli humfunza mtoto kuuliza "kwa nini?", nasi tukimjibu kwa bakora atadhani kuwa dini haina jawabu. Basi maalimu akae na watoto, asome aya, aieleze kwa Kiswahili, na aliyefahamu kwa Kikamba amfahamishe mwenzake. Hiyo ndiyo elimu.

Pili, mchanganyiko. Hapa ndipo penye uzito, wala sitaki kupapunguza. Wanaochelea wana hujja, na hujja yao ya nguvu kuliko zote si ya kitabuni, bali ni jambo lililotokea katika nchi hii. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika skuli ya bweni ya mchanganyiko ya St. Kizito, huko Meru, wavulana waliwavamia wasichana mabwenini. Wasichana 19 walikufa, na wengi wengine walivunjiwa heshima. Mzazi anayelikumbuka tukio lile akasema "sitompeleka binti yangu", hapaswi kuchekwa wala kuitwa mjinga. Kumlinda mtoto ni wajibu.

Lakini fikra nzuri ni ile ipambanuayo. Msiba ule ulikuwa wa bweni, wa usiku, mahali ambapo watoto wameondoka mikononi mwa wazazi wao. Darasa la mchana, mlango wazi, mwalimu mbele, watoto wa miaka sita na saba ambao jioni hurejea kwa mama zao, ni jambo jingine. Sheria yetu pia hupambanua. Faragha ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu ni haramu, hapana shaka. Lakini kuwako pamoja mahali pa wazi, kwa adabu na kwa haja, si faragha. Katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) wanaume walisimama mbele na wanawake nyuma, chini ya dari moja, wakisikiliza khutba moja. Katika kutufu Alkaaba, mpaka leo, wote huzunguka pamoja. Lau kukutana kwenyewe tu kungalikuwa haramu kwa dhati yake, basi pahala hapo patukufu ndipo pangalistahiki kwanza kutengwa.

Upande wa pili, wanawake wa Madina walipomlalamikia Mtume kuwa wanaume wamewazidi katika kukaa naye, waliomba siku yao peke yao, naye akawapa. Hadithi hii hutumiwa na watu wa kila upande. Msimamizi wa utengano husema, "Mwaona, aliwatenga." Lakini natusome mwanzo wa kisa: hawakulalamika kuwa wamechanganyika na wanaume, walilalamika kuwa elimu inawapita. Mtume akatafuta njia ya elimu kuwafikia. Hiyo ndiyo kanuni. Pakiwa na njia mbili, moja ya kutengana na moja ya kuchanganyika, nasi twaweza ya kwanza, basi ni bora kwa watoto waliokaribia baleghe. Lakini pakiwa na njia moja tu, haifai kuifunga kisha tukasema tumefuata sunna. Aliyewaambia wanawake wa Madina "hapana siku yenu, wala msije siku ya wanaume" angalikuwa amefanya kinyume cha alivyofanya Mtume.

Na elimu ya mwanamke katika Uislamu si bidaa ya Wazungu. Bi Shifaa binti Abdallah alimfunza kuandika Bibi Hafsa, mkewe Mtume. Bibi Aisha alikuwa mwalimu wa masahaba na wanafunzi wao. Karima wa Marw, katika karne ya tano ya Hijra, alisomesha Sahihi ya Bukhari huko Makka, na Al-Khatib Al-Baghdadi, mwanachuoni mkubwa, aliisoma kwake. Hapa kwetu, Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa mawaidha, uliotungwa mwaka 1858, miaka mingi kabla ya skuli ya kwanza ya serikali. Kisha vizazi vya baadaye vikaona kalamu mkononi mwa mtoto wa kike ni fitina, eti ataandikia barua za mapenzi! Tukaiacha sunna, tukashika ada, kisha ile ada tukaiita dini.

Iko pia mifano ya karibu. Zanzibar, skuli ya serikali ya wasichana ilipofunguliwa mwaka 1927, iliwekwa peke yake kwa kuchunga hisia za wazee, na hilo lilikuwa jambo la hekima kwa wakati wake. Mombasa, mwaka 1986, wazee wa Kiislamu walipoona watoto wao wanabaki nyuma, kulianzishwa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan mpango wa chekechea za madrasa, na Bi Swafiya Said, mwalimu wa Kiislamu, akauongoza. Watoto wa kiume na wa kike walikaa pamoja, wakafunzwa Qurani na adabu pamoja na kusoma na kuhesabu, kwa lugha ya nyumbani kwao, na vifaa vyao vilikuwa vifuu, mbegu na vitu vingine vya mahali pale. Mpango ule ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Haukungoja serikali, wala haukungoja mashekhe wamalize kubishana.

Sasa niwaulize wenzangu jambo moja. Mzazi anayekataa skuli kwa sababu ya mchanganyiko, je, humkataza binti yake kupanda matatu iliyojaa wanaume? Humkataza kuuza dukani, kuteka maji kisimani, kwenda arusini usiku? Ikiwa mchanganyiko wa sokoni huvumiliwa kwa sababu ya shilingi, na mchanganyiko wa darasani hukatazwa kwa sababu ya dini, basi natuogope kuwa si dini iliyosema hapo. Huenda ni ada ya skuli, au ni kazi za nyumbani, au ni posa iliyokwisha kuja.

Na jambo jingine limesahauliwa. Tunapotaja fitina, macho yetu yote humwelekea mtoto wa kike: nguo yake, sauti yake, njia yake. Lakini katika Sura ya Nur amri ya kuinamisha macho imewaanza wanaume, kisha ndipo wakatajwa wanawake. Mvulana anayekua bila ya kumwona msichana ila kwa mbali, asijue kuwa ana akili kama yake na huenda ikashinda yake, huyo akija kuwa mume au kadhi au mwenye mali ya mayatima, atamdharau. Yule jamaa aliyeleta karatasi alikuwa amesoma. Hakufunzwa kumheshimu mwanamke. Skuli ya mchanganyiko iliyo na adabu yaweza kumfunza hilo, na isiyo na adabu yaweza kumfunza kinyume chake. Basi adabu ni kazi yetu, tusimwachie mwalimu peke yake.

Baada ya juma moja nilimwita muulizaji, nikampa jawabu hii, nami nawapa nyinyi pia.

Kwanza, mpeleke mtoto skuli. Elimu ya msingi ni haki yake katika katiba ya nchi, nayo ni haki yake kwako kabla ya katiba. Pili, usimtenge na mama yake kwa miaka sita ili kukimbia mchanganyiko wa watoto wachanga, kwani malezi ya mama ni ngao kubwa kuliko ukuta. Tatu, jioni na Jumamosi ahudhurie chuo, nami nawajibika kumfunza kwa lugha aifahamuyo. Nne, nenda skuli ukajuane na walimu, uulize kuhusu vyoo, kukaa kwao darasani, na nani hubaki na watoto baada ya masomo. Mzazi anayeonekana skuli mwanawe huheshimiwa. Tano, zungumza mapema juu ya mtandio. Kesi ya wasichana wa skuli ya mchanganyiko ya Isiolo iliwapa haki katika Mahakama ya Rufani mwaka 2016, kisha Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2019 kwa sababu ya namna kesi ilivyoletwa. Basi usitegemee mahakama, tegemea mazungumzo mema na wakuu wa skuli kabla ya mgogoro. Sita, akikaribia baleghe tutaangalia tena. Ikipatikana skuli ya wasichana iliyo amini, hiyo ndiyo bora. Bweni la mchanganyiko, hapana. Na ikiwa hapana ila skuli ya mchana ya mchanganyiko, aendelee, kwa mavazi yake na sala zake, nasi tukimtazama.

Bwana yule aliniuliza, "Na dhambi ikiwa juu ya nani, Sheikh, pakitokea baya?" Nikamjibu: "Tukifanya tuliyoweza, tutaomba msamaha kwa tusiyoyaweza. Lakini ujinga tutakaomvisha kwa mikono yetu, hatutakuwa na udhuru nao." Ameandikwa skuli mwezi uliofuata.

Na kwenu nyinyi matajiri wa Mombasa mnaosoma waraka huu: msitosheke na kutuma tende na majuzuu kila Ramadhani. Mji kama Kambu wataka mwalimu mmoja wa kike, Mwislamu, ajuaye Kiswahili, Kikamba na Kiingereza, alipwe mshahara wa kweli. Mwalimu huyo mmoja ataondoa khofu ya wazazi wengi kuliko khutba zangu mia.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atufunze yatakayotufaa, atufae kwa aliyotufunza, na awalipe haki yao wale tuliowapunja kwa haraka zetu. Na Yeye ndiye Mwenye kuwafikisha.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.